Kupima miche ya mipaini kwa ugonjwa wa mikanda myekundu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kitalu cha miche upande wa Kapchorwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Wanaokuja kununua ni Wasabiny, Wagisu, na wengine huvuka mpaka pale Suam kutoka upande wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Tangu nitenge kona ya kitalu kwa ajili ya kupima ni miche ipi ya mipaini inayostahimili ugonjwa wa mikanda myekundu, maswali yale yale yamekuwa yakirudi, getini, sokoni na kwenye simu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu ili anayetaka kujaribu mwenyewe awe na pa kuanzia.

Ni ugonjwa gani hasa unaoupima?

Ni ugonjwa wa majani ya sindano unaoletwa na kuvu iitwayo Dothistroma septosporum. Jina la mikanda myekundu limetokana na alama zake: sindano hufanya doa la njano au kahawia, kisha doa hilo linazunguka sindano na kuwa mkanda mwekundu kama matofali. Wekundu huo ni sumu ambayo kuvu yenyewe inaitengeneza, na wataalamu wanaiita dothistromini. Kwa umbo lake la kikemia, sumu hii ni ndugu wa karibu wa sumukuvu tunayoihofia kwenye mahindi na karanga. Nimeona watu wakielewa uzito wa jambo hili nikishawatajia undugu huo.

Kuvu huingia kupitia stomata, yaani vile vitundu vya kupumulia vya jani. Inapenda ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 20 hivi, na sindano ikae imelowa kwa saa nyingi mfululizo. Vijimbegu vyake, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huenea kwazo, husafiri kwa matone: mvua inapiga sindano mgonjwa, tone linaruka na kutua kwenye sindano nzima. Ukiangalia hali ya hewa ya Kapchorwa au Bukwo wakati wa mvua, ukungu wa asubuhi na umande unaokawia kukauka, utaona kwa nini siuchukulii ugonjwa huu kuwa habari ya mbali. Umeshaandikwa Kenya, Tanzania na hapa Uganda.

Nitautambuaje? Miche yangu ina sindano za njano lakini sijui kama ni ugonjwa au njaa ya udongo.

Njaa ya naitrojeni hugeuza mche mzima kuwa wa kijani hafifu au wa njano, na haichagui sehemu ya sindano. Ukame huanzia nchani na kukausha sindano kwa usawa, tena kwenye miche mingi kwa pamoja, hasa ile ya pembezoni mwa tuta. Mikanda myekundu haifuati utaratibu huo. Utaona sindano moja ncha yake imekufa, katikati kuna mkanda, lakini shina la sindano bado ni la kijani kabisa. Sindano iliyo jirani nayo inaweza kuwa haina hata doa.

Baada ya muda, ndani ya doa hutokeza vinundu vidogo vyeusi vinavyopasua ngozi ya sindano. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kuviona. Hapo ndipo vijimbegu hutoka. Kwenye miti iliyokwisha kukua, ugonjwa huanza na matawi ya chini na sindano za zamani. Hizo zikipukutika, tawi hubaki na kishungi cha sindano changa nchani kama mkia wa simba.

Ukibaki na shaka, usikate shauri kwa macho tu. Funga sindano chache kwenye karatasi kavu, si kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu zitaoza, umpelekee afisa misitu wa wilaya. Taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu ina makao yake wilayani Mukono, na afisa misitu anajua njia ya kufikisha sampuli kwa wenye hadubini.

Sisi huku juu tunapanda patula, na patula haiugui. Kwa nini tujisumbue?

Swali hili huulizwa na watu wenye uzoefu, na nusu yake ni kweli. Pinus patula imestahimili ugonjwa huu vizuri Afrika Mashariki. Lakini kumbuka ilifikaje kwenye nafasi hiyo. Kabla yake palikuwa na Pinus radiata, mti uliopendwa mno kwa kukua haraka. Ugonjwa ukaonekana Tanganyika mwaka 1957 na Kenya mwaka 1960, na baada ya muda mfupi upandaji wa radiata nchini Kenya ukasimamishwa. Jamii moja ya mti iliyotegemewa kwa mbao za kesho iliondolewa kwenye mipango na kuvu ambayo huwezi kuiona bila lenzi. Patula ilichukua nafasi hiyo kwa sababu ilisimama pale mwenzake alipoanguka.

Sasa tazama Colombia. Huko ugonjwa huu ulipozuka kwenye mashamba ya mipaini ya kitropiki, Pinus tecunumanii iliyotokana na mbegu za maeneo ya chini iliugua vibaya, lakini tecunumanii ya asili ya maeneo ya juu ilivumilia. Mti ni ule ule na jina la kitaalamu ni lile lile, ila mbegu ya bonde na mbegu ya mlima haziko sawa. Kwa hiyo mtu akiniambia "napanda patula", swali langu linalofuata ni: patula ya wapi? Imechumwa kwenye miti mama mingapi? Aliyekuuzia anajua?

Na hali ya hewa nayo haisimami. Kaskazini-magharibi mwa British Columbia, nchini Kanada, mti wa asili wa huko uitwao Pinus contorta ulikuwa ukiishi na kuvu hii bila makubwa, mpaka mvua za kiangazi zilipoongezeka; mashamba yakaanza kuungua kwa ugonjwa, na hata miti mikubwa ikafa. Mti wenye sifa ya kustahimili huwa umestahimili hali fulani. Hali ikibadilika, ni busara kuupima tena.

Kuvumilia na kukinza vina tofauti gani? Si ni kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya jaribio lako litakupa jibu la swali ambalo hukuuliza.

Mche unaokinza huzuia kuvu isiingie au isienee. Ukiuhesabu utapata madoa machache. Mche unaovumilia huingiwa, madoa yapo, lakini unaendelea kushika sindano zake na kuongeza urefu kana kwamba mzigo huo ni mwepesi. Nadhani mfano ulio wazi zaidi unatoka Oregon, Marekani, kwenye mti wa Pseudotsuga menziesii. Mti huo una ugonjwa wake wa majani uitwao Swiss needle cast, ambao kuvu yake huziba stomata kwa vinundu vyeusi hadi sindano inashindwa kupumua. Kuvu hiyo ni mwenyeji wa huko, ingawa iligunduliwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1925. Karibu na pwani ya Oregon ni vigumu kupata mti usio nayo kabisa, kwa hiyo watafiti hawakai wakitafuta mti msafi. Wanatafuta mti unaobaki na sindano zake na kuendelea kunenepa huku kuvu ikiwa ndani yake. Huo ndio uvumilivu.

Kwetu, kwa mikanda myekundu, napima yote mawili na kuandika kila kimoja kwenye safu yake.

Miche yangu ilipita mvua zote za mwaka jana bila doa hata moja. Si hiyo ndiyo mivumilivu?

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe.

Miaka ya mwanzo niliweka mafungu matano ya mbegu kwenye tuta moja. Moja lilitoka safi kabisa, na nilifurahi nikaanza kuwaambia watu. Baadaye, nilipokuwa nafagia, nikagundua kuwa fungu lile lilikuwa upande wa ukuta, chini ya upenu wa bati. Matone ya mvua hayakulifikia. Sindano zake zilikuwa zikikauka asubuhi na mapema, wakati mafungu mengine yamelowa hadi saa sita. Ilibidi nirudi kwa wale niliowapa habari, mmoja mmoja, niwaambie kuwa nilikosea. Mwaka uliofuata nililiweka fungu lile lile katikati ya tuta na likaugua kama mengine.

Mche ule ulikuwa umekwepa ugonjwa tu, haukuwa umeuvumilia. Ili uweze kusema mche umevumilia, lazima uwe na ushahidi kwamba ugonjwa uliufikia kweli, tena kwa kiwango kile kile kilichowafikia wenzake. Ushahidi huo hupatikana kwa kuweka, katika kila sehemu ya tuta, mche ambao unajua utaugua. Mimi hutumia radiata. Radiata ya sehemu hiyo ikiwa imejaa mikanda na mche wa jirani ni mzima, una jambo la kusema. Kama radiata nayo ni safi, sehemu hiyo haikuambukizwa, na matokeo yake yote yafutwe, hata kama yanakupendeza.

Nahitaji miche mingapi, na ya umri gani?

Kwa kila fungu la mbegu mimi hutumia miche 80: 40 ya kuambukizwa na 40 ya kuwekwa safi. Ukiwa na nafasi ndogo, 20 kwa 20 inaweza kukuonyesha tofauti kubwa, lakini tofauti ndogo hutaiona. Miche mitano haikuambii kitu, kwa sababu hata ndani ya uzao wa mti mama mmoja kila mche una tabia yake.

Kuhusu umri, subiri mpaka mche uwe umetoa sindano zake za ukubwani. Paini ikiota hutoa kwanza sindano moja moja, fupi na laini. Zile zinazotoka kwa vifungu vya tatu tatu huja baadaye. Ukipima mche ungali na sindano za utoto, umepima jani ambalo mti hautakuwa nalo shambani.

Unaipangaje miche kwenye tuta?

Kwa kura, wala sifanyi mzaha. Tuta nimeligawa vipande vinne. Kila kipande kinapata miche 10 ya kila fungu, pamoja na radiata 10. Nafasi ya kila mche ndani ya kipande naitoa kwa vijikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kofia, kwa sababu mkono wa binadamu una upendeleo: bila kujua utaiweka miche mizuri mbele unapopita kila siku.

Viriba vinapewa namba tu. Jina la fungu la mbegu liko kwenye daftari nyumbani. Anayehesabu madoa hajui anahesabu mche wa nani. Nikijua kwamba ule ni wa mbegu niliyoinunua kwa bei kubwa, jicho langu litausamehe.

Kundi safi, lile la miche 40, linakaa upande mwingine wa kitalu, na mpangilio wake ni huo huo. Udongo uwe wa rundo moja, kivuli kiwe sawa, na maji yawe sawa. Watu wengi wanasahau hili la mwisho: miche ya kuambukizwa inanyunyiziwa ukungu wa maji siku kadhaa, basi na miche safi inyunyiziwe maji safi siku hizo hizo. La sivyo utakuwa unapima maji, si ugonjwa.

Unaiambukizaje?

Kuna njia tatu, na nimetumia mbili.

Ya kwanza ni kuiacha kazi kwa mvua. Unapeleka miche mahali ambapo tayari kuna mipaini migonjwa, unaiweka chini ya matawi yao msimu wa mvua, kisha unasubiri. Ni rahisi, na ugonjwa unaoupima ni ule ule wa eneo lako. Ubaya wake ni kwamba matone hayagawanyi kwa haki, kwa hiyo vile vipande vinne na zile radiata ndizo zitakazokuokoa.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Unakata vitawi vyenye sindano zilizotoa vinundu vyeusi, unavifunga mafungu madogo, unavining'iniza kwenye waya juu ya tuta kwa umbali ulio sawa, halafu unapulizia maji kwa bomba la mkono lenye mdomo mwembamba jioni jua likishazama. Funika tuta kwa karatasi ya nailoni usiku kucha ili sindano zisikauke, na uifunue asubuhi kabla jua halijawa kali kwa sababu miche itaiva kwa joto. Mimi hufanya hivyo usiku minne mfululizo, na siku ya pili na ya tatu nahamisha vitawi ili kila mche upate zamu ya kuwa chini yake.

Ya tatu ni ya maabara: kuvu inaoteshwa kwenye sahani, vijimbegu vinahesabiwa kwa hadubini, kisha maji yenye vijimbegu milioni moja au zaidi kwa kila mililita yanapulizwa kwa kiasi kile kile kwenye kila mche. Ndiyo njia yenye haki kuliko zote. Ila kuvu hii hukua polepole mno kwenye sahani, na ukungu mwingine wa hewani huiwahi, kwa hiyo si kazi ya jikoni.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: vitawi vigonjwa vitoke eneo lako. Usivibebe kutoka wilaya nyingine, wala usivivushe mpaka. Kama eneo lako bado ni safi, usiambukize miche kabisa. Tafuta mwenzako ambaye tayari ana ugonjwa, ukapime kwake.

Baada ya kuambukiza, alama zinaonekana baada ya muda gani, na nazihesabuje?

Dalili za kwanza zinaweza kutokea baada ya wiki tano hivi, na nyingine zinachukua miezi. Mimi naangalia kila wiki mbili hadi mwisho wa mwezi wa nne. Ukikata tamaa mwezi wa pili utaita "mizima" miche ambayo bado ilikuwa inaanza kuugua. Mwanga nao una kazi yake: chini ya kivuli kizito mikanda huchelewa kujitokeza, kwa hiyo ondoa neti za kivuli baada ya wiki ya kwanza.

Kuhesabu ni hivi. Shika mche, uugeuze pande zote, ujiulize: katika sindano zote zilizopo, ni sehemu gani imeshikwa? Andika kwa hatua za asilimia 5: 0, 5, 10, 15, na kuendelea. Mwanzoni macho yatakudanganya, hasa katikati ya kipimo. Dawa yake ni kuchagua miche mitatu, uhesabu sindano zake moja moja kwa subira, halafu ulinganishe na makadirio yako. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kuwa nilikuwa nakadiria juu mno, kwa sababu jicho huvutwa na chekundu na kusahau kijani.

Pamoja na asilimia hiyo, pima urefu wa mche na unene wa shina pale linapotoka kwenye udongo, siku ya kwanza na siku ya mwisho. Hesabu pia sindano zilizopukutika. Zifagie chini ya kila kiriba. Usipofanya hivyo, mche uliodondosha sindano zake zote mgonjwa utaonekana msafi kuliko wenzake.

Matokeo yanasomwaje?

Nitoe mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Tuseme fungu A lina sindano gonjwa asilimia 40. Miche yake safi iliongeza sentimita 20, migonjwa ikaongeza 18. Imepoteza asilimia 10 ya ukuaji. Fungu B lina sindano gonjwa asilimia 15 tu. Miche safi iliongeza 20, migonjwa 15. Imepoteza asilimia 25. Radiata ina asilimia 60 ya ugonjwa. Safi iliongeza 24 na migonjwa 14, yaani imepoteza zaidi ya asilimia 40.

Anayetazama madoa peke yake atamsifu B. Lakini B huumia sana kwa ugonjwa kidogo, na A hubeba ugonjwa mwingi kwa hasara ndogo. A anavumilia, B anakinza kiasi lakini akiingiwa analegea. Yupi ni bora? Inategemea shamba lako. Mahali ambapo ugonjwa umejaa kila msimu, ningechukua A. Mahali ambapo unakuja mara moja moja, B ana faida, tena hatawaambukiza jirani kama A atakavyofanya. Hilo la jirani linanisumbua moyoni, kwa sababu mti unaovumilia unaweza kuwa ghala la vijimbegu kwa shamba la mwenzako ambaye mbegu yake ni dhaifu.

Kabla ya yote, tazama kama tofauti kati ya mafungu ni kubwa kuliko tofauti kati ya vipande vinne vya tuta. Kama fungu A lilishinda kwenye kipande kimoja na kushindwa kwenye vitatu, bado hujapata mshindi.

Naweza kupulizia dawa wakati wa jaribio?

Kundi safi tu. Dawa za kuvu zenye shaba ndizo zinazotumika kwa ugonjwa huu. Huko New Zealand, ugonjwa ulipogunduliwa mwaka 1964, walianza kuzipulizia mashamba ya radiata kwa ndege. Pulizia siku isiyo na upepo, vaa glavu na barakoa, na hakikisha haipeperuki kwenda kwenye kundi la kuambukizwa. Tone moja la shaba upande usiotakiwa limeharibu miezi minne.

Udongo wa kuchanganya kwenye viriba tunauchota chini ya mipaini mikubwa. Una shida?

Una faida kubwa na hatari kubwa, na nashangaa swali hili halifiki mara nyingi zaidi. Tunauchota kwa sababu mizizi ya paini inahitaji kuvu rafiki, wanaoitwa maikoraiza, na bila hao mche hudumaa. Lakini juu ya udongo huo kuna tandiko la sindano zilizoanguka. Kama miti ile ni migonjwa, kuvu huishi ndani ya sindano hizo kwa miezi kadhaa baada ya kuanguka. Kwa hiyo unajaza kiriba rafiki na adui kwa koleo moja.

Chagua miti mizima. Fagia kabisa tandiko la juu, chota udongo wa chini, uchekeche kuondoa kila kipande cha sindano. Ukishapata miche yenye mizizi mizuri kwenye kitalu chako, tumia udongo wake mwenyewe kwa miche inayofuata na uache kwenda msituni.

Mche ukifaulu kitaluni, utafaulu shambani?

Si lazima. Kitaluni tumelowesha sindano sisi wenyewe na tumechagua siku. Shambani mti utakutana na misimu mingi, na ukaribu wa miti una uzito wake: ikibanana, hewa haipiti na sindano hazikauki.

Umri nao hubadilisha mambo. Radiata, kwa mfano, huugua sana ikiwa changa na hupata nguvu ya kukinza inapozidi kukua. Huko New Zealand wanajua kuwa ikivuka miaka 15 hivi haiwasumbui tena kama zamani. Wafugaji wa miti wa huko walichagua miti mama iliyougua kidogo, wakazalisha mbegu yake, na wakapata nafuu inayoonekana ingawa haikuwa kinga kamili. Tabia hii hurithiwa kwa sehemu tu.

Kwa hiyo mimi natumia jaribio la kitalu kama chujio la kutupa mafungu mabovu. Yale yanayobaki nayapanda kwa mistari kwenye mashamba matatu ya watu waliokubali, moja likiwa bondeni penye ukungu, na nayarudia kila mwisho wa mvua.

Mimi nina paini aina ya caribaea huko Nakasongola. Hili linanihusu?

Kwa kiasi kidogo. Joto na ukavu wa huko si makazi ambayo kuvu hii inayapenda. Ila mche wako ukionyesha sindano za kahawia usiseme tu kuwa ni jua. Kuna ugonjwa mwingine wa sindano, unaoletwa na Mycosphaerella gibsonii, ambao unapenda joto na hushambulia hasa miche ya kitaluni. Mpangilio wa kupima ni ule ule niliouelezea, ila usitumie vitawi vya mikanda myekundu kwa ugonjwa huo.

Na misipresi?

Dothistroma ni ugonjwa wa mipaini. Msipresi una maadui wake, na wazee wa huku wanamkumbuka yule mdudu mdogo, kidukari wa sipresi, aliyeingia Uganda mwaka 1989 na kukausha ua na mashamba. Hilo ni jaribio la aina nyingine.

Naweza kuandika kwenye kibao changu "miche isiyougua"?

Tafadhali usiandike. Andika ulichokiona: fungu fulani, lililopimwa msimu fulani, pamoja na radiata iliyougua kwa kiasi fulani. Mkulima anayepanda paini anaweka pesa yake ardhini kwa miaka 15 hadi 20. Neno lako la leo atakuja kulidai mtoto wake. Na kama mbegu uliinunua kutoka nje ya nchi, uwe na kibali cha wizara ya kilimo mkononi, umwonyeshe mnunuzi bila kuombwa.

Miche ya jaribio ikishapimwa inakwenda wapi?

Ile iliyoambukizwa haiuzwi wala haigawiwi, hata iliyo mizuri machoni. Watu huniomba, na wengine hukasirika wakiona miche mirefu inang'olewa. Ninaing'oa siku isiyo na mvua, naichoma pamoja na vitawi na sindano zilizofagiwa, na udongo wa viriba naufukia kwenye shimo mbali na tuta. Bomba, koleo na viatu vinaoshwa kwa sabuni siku hiyo hiyo. Tuta linakaa tupu mpaka mvua zinazofuata, na radiata zangu za mwaka ujao naziotesha upande wa pili wa nyumba, mahali ambapo upepo wa mchana hautokei kwenye jaribio.